Nyumba ya Njiro, Ulikoniita Dada

Mwanangu Eliaichi,

Kabla hujaendelea, nakuomba uangalie kama uko peke yako. Kama bibi yuko karibu, kunja karatasi hizi uziweke mfukoni mpaka aende kukata majani ya ng'ombe. Usimsomee mtu. Usimsomee hata rafiki utakayempata huko Akheri, hata akikuapia. Usiziweke chini ya godoro, kwa sababu bibi yako hutandika vitanda vya watu wote nyumbani kwake. Kila neno humu libaki kwako.

Najua unachofikiri sasa. Unafikiri, siri nyingine tena. Ni kweli, ni siri nyingine tena. Mimi mtu mzima ndiye ninayeomba siri kwa mtoto, na nimekuomba nyingi kuliko mtoto anavyopaswa kubeba. Lakini ninaogopa, mwanangu, na wewe unanijua ninavyokuwa nikiogopa.

Begi lako liko mlangoni. Zipu umeifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, ukalibana begi kwa goti, na niliposogea kukusaidia ukaniambia, "Naweza." Sitakuandikia habari za kutolowesha hogo la mkono wako, wala za kurudi kliniki, wala za sweta asubuhi kukiwa na ukungu. Bibi yako atakwambia hayo mpaka uchoke. Nataka kukuandikia kuhusu swali lako la leo jioni.

Uliniuliza, "Kule shuleni wakitaka kujua wewe ni nani wangu, niseme nani?"

Na mimi nikakwambia kaoge, maji yasipoe.

Ukaenda kuoga. Hukuuliza tena. Nilikaa jikoni nikisikiliza maji yanavyomwagika, nikajua kwamba kesho utaondoka bila jibu, na kwamba mtoto akiondoka bila jibu la namna hiyo atalitafuta mwenyewe. Nimejaribu kukujibu kwa mdomo tangu ulipotoka bafuni. Nimekuita mara mbili, mara ya kwanza nikakuuliza kama umepaka mafuta, mara ya pili kama umekunja shuka. Mdomo wangu haufai kwa kazi hii. Kalamu labda. Kazi yangu ni masjala, nimezoea kuandika mambo ya watu wengine kwa mwandiko safi, nikakagua kila mstari mara mbili kabla faili halijapelekwa kwa bosi. Ya kwangu sijawahi kuyaandika.

Mengine unayajua. Unajua kwamba ulikulia Akheri, unamwita bibi "mama" na mimi "dada Neema". Usichokijua ni kwa nini.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na mimba yako na sijamwambia mtu. Habari za baba yako bibi anazo, siku utakapomuuliza atakwambia, si za barua hii. Katika usharika wetu, binti akipata mimba kabla ya ndoa hutengwa. Haendi kwenye meza ya Bwana, hawekwi kwenye kwaya, mpaka Jumapili moja atakaposimama mbele, watu wote wakimtazama, mchungaji amwombee, arudi kundini. Nilikuwa nimewaona wasichana waliosimama. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu na kitabu changu cha nyimbo, najua jinsi shingo za watu zinavyorefuka.

Bibi yako aliniona asubuhi moja nikitapika nyuma ya banda la ng'ombe. Hakunipiga. Alisema, "Huyu mtoto ni wangu. Umenisikia? Wewe utasoma." Akanipeleka kwa dada yake Ngaramtoni, ukazaliwa huko, akakurudisha Akheri amekubeba mgongoni mwenyewe, akawaambia watu kwamba ni mtoto wa ndugu yake aliyefariki. Nadhani hakuna aliyeamini. Nadhani kata nzima ilijua, na watu waliodanganyika kweli tulikuwa wawili tu, mimi na wewe.

Nilikuwa na rafiki, Upendo, tuliyepata naye kipaimara. Yeye alipata mimba mwaka uleule, na mama yake hakuwa na dada Ngaramtoni. Alisimama. Nilikuwepo. Alivaa kitenge cha mama yake, alilia mpaka kamasi zikamfika mdomoni, na mzee mmoja nyuma yetu akakohoa kwa namna ambayo wewe ungejua si kikohozi. Niliona huruma, na chini ya ile huruma nilifurahi kwamba si mimi. Kisha mchungaji akamshika kichwa, akaomba, Upendo akarudi akakaa. Wiki chache baadaye alikuwa kwenye kwaya. Leo anauza maziwa Tengeru, watoto wake watatu wanamwita mama sokoni kwa sauti kubwa, na hakuna shingo inayorefuka.

Yeye alisimama mara moja akakaa. Mimi sikusimama siku ile, na tangu siku ile sijakaa.

Nilisoma. Nilirudi likizo nikakuta umeota meno, likizo nyingine unakimbia. Ulikuwa unanipokea getini, "Dada amekuja! Dada amekuja!" Nilikuwa nakuletea pipi, halafu naingia chumbani kwa bibi nakaa kitandani mpaka uso wangu utulie.

Nilipopata kazi mjini nilikuja kukuchukua. Ulikuwa na miaka minane. Chumba chetu cha Olasiti unakikumbuka, kimoja, choo cha wapangaji wote, bomba moja uani na foleni ya ndoo. Usiku ule wa kwanza nilikwambia ukweli. Ulinitazama ukasema, "Sasa mama ni nani?" Nikasema, "Bibi." Ukasema, "Hapana, mama ni mama." Ukageukia ukutani.

Sikukulazimisha. Kama kuna jambo moja katika maisha yako nililolifanya vizuri ni hilo, sikukulazimisha. Miezi ikapita unaniita "wewe", au unakuja kunivuta nguo. Halafu ile siku bombani. Mtoto wa jirani alipiga teke ndoo yako akaiondoa kwenye mstari. Mimi nilikuwa dirishani, ninapiga pasi, hukuniona. Ulimwambia, "Ngoja. Nitamwambia mama yangu." Yule mtoto akakucheka, "Mama yako nani, yule mwembamba?" Ukasema, "Ndiyo. Mwembamba lakini mkali."

Mimi mkali! Niliunguza kola ya shati langu la kazini. Nilikaa chini kwenye sakafu nikaziba mdomo kwa lile shati.

Tangu siku hiyo ulikuwa unaniita mama kwa kila kitu. Mama, chumvi. Mama, umeme umekatika. Mama, huyu mdudu anauma? Niliishi kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokiuza.

Sasa sikiliza jinsi nilivyokiuza tena.

Nilikuwa nimeanza kuona aibu ya Olasiti. Wenzangu ofisini walikuwa wanazungumza habari za Njiro, za nyumba zenye vigae, za maji yasiyokatika. Nilijiambia ni kwa ajili yako. Upate chumba chako, meza yako, shule iwe karibu, usipange foleni na ndoo. Ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba nilitaka siku moja mtu aniulize "Unakaa wapi?" na mimi nijibu bila kumeza mate kwanza. Nilikopa kwenye chama cha akiba cha ofisini, nikamtafuta dalali.

Hukumwona yule dalali. Kijana mmoja wa miwani ya jua, hakuivua hata ndani ya nyumba. Alinifungulia milango kama yeye ndiye aliyejenga.

"Sista, hapa ni Njiro. Tenki lile pale, maji hujui yamekatika lini. Ona chumba cha masta, choo ndani. Ona hii baraza, asubuhi mawingu yakitoka mlima Meru huu hapa, unaunywa na chai."

"Kodi inalipwaje?"

"Mwaka mzima mkononi. Na mimi mwezi wangu mmoja, si unajua."

Nikasema, "Nina mtoto."

Ndipo alipovua miwani. "Wa miaka mingapi?"

"Kumi."

"Na mume?"

Nikatazama dirishani. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akacheka, wala si kwa ubaya. "Sista, acha utani. Wewe mwenyewe mtoto. Huyo wa miaka kumi ni mdogo wako. Umenielewa? Mama mwenye nyumba hataki kusikia mwanamke mwenye mtoto asiye na mume. Aliyekuwa humu, baba mtoto wake alikuja usiku akauvunja huu mlango unaouona, huu ni mpya. Lakini dada anayemsomesha mdogo wake? Huyo atamletea mpaka ndizi."

Ningeweza kusema hapana. Nimekaa na jambo hili miezi yote hii na sijapata kisingizio. Hakunilazimisha mtu. Nilitazama kile chumba kidogo chenye dirisha la upande wa mlima, nikaona kitanda chako hapo, na uongo ule haukuwa mgeni kwangu. Nilikuwa nimeuzoea tangu ukiwa tumboni. Ulinitoka kama salamu. Tulishuka chini, nikamwamkia mwenye nyumba, Mama Gladness, shikamoo, akaniuliza, "Na unaishi na nani, binti?" Nikasema, "Na mdogo wangu, mama. Ninamsomesha."

"Hongera," akasema. "Mmebaki wachache."

Kwa hiyo siku ukifikia umri wa kupanga nyumba yako, dalali atakufungulia bomba uone maji yanavyotoka kwa nguvu. Wewe usitazame bomba. Muulize kwanza ni mtu wako gani asiyetakiwa humo ndani. Mimi niliuliza habari ya kodi.

Siku ya kuhama ulikaa katikati yangu na dereva wa kirikuu kilichobeba mizigo yetu, beseni la vyombo mapajani. Tulipopita Kijenge nikakwambia, "Tukifika kule, uniite dada."

"Kama zamani?"

"Kama zamani."

"Mpaka lini?"

"Kidogo tu."

Dereva akaongeza sauti ya redio. Wewe ukatazama mbele. Hukulia, na mimi mjinga nikaona umeelewa.

Mama Gladness si mtu mbaya. Nataka ulijue hilo, usije ukakua unamchukia mtu asiyehusika. Alikufundisha nyimbo, alikuletea loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa mgando, katika lile bakuli la bluu, alikusimamia hesabu siku nilizochelewa kazini. Alikupenda. Lakini unakumbuka Jumapili ile alipotukaribisha chakula, wageni wake wapo, akanishika bega, akawaambia, "Mnamwona huyu? Kasoma, kazi anayo, hajazaa zaa hovyo. Anamlea mdogo wake. Gladness wangu angekuwa hivi ningekufa kwa raha."

Wageni wakasema amina. Mimi nikasema asante. Wewe ulikuwa unatafuna, ukaacha kutafuna. Ukabaki na chakula mdomoni, unanitazama. Nikakuambia, "Kula, mdogo wangu."

Hilo nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, nimekaa kwenye kiti kizuri.

Lile la ngazi nilikuwa sina akili, lakini ni baya zaidi.

Mvua ilikuwa imenyesha, dada wa usafi alikuwa amepiga deki, na wewe ulikuwa unashuka unakimbia kwa sababu uliisahau chupa yako ya maji chini ukaniona nimekasirika. Nilisikia kishindo. Kisha nikasikia sauti yako, "Mama! Mama! Mama!" Nilitoka pekupeku. Majirani wa chini walikuwa wamefungua milango. Mama Gladness alikuwa amefika kabla yangu, amepiga magoti kwenye maji, amekushika kichwa. Mkono wako ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Ulinitazama mimi, uso wangu huu, ukaniita tena, "Mama."

Mama Gladness akainua macho. "Maskini, anamtaka mama yake."

Na mimi nikasema, "Mama yuko Akheri, mdogo wangu. Nyamaza. Dada yupo."

Uliacha kulia palepale. Watu wakasema mtoto jasiri huyu. Hawakujua walichokiona. Mimi nilijua.

Unakumbuka tulivyopelekwa hospitali na gari la Mama Gladness, na yule daktari kijana akasema mfupa unatakiwa urudishwe, utalazwa usingizi, anahitaji mzazi aridhie. Akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Mama Gladness alikuwa nyuma yangu ameshika mkoba wangu. Nikasema, "Dada yake."

"Mzazi yuko wapi?"

"Akheri."

"Basi apigiwe simu aje. Wewe unaonekana binti mdogo, sitaki matatizo."

Nikampigia bibi. Mwanangu, nilikuwa nimesimama pale, mimi niliyekuzaa, naweza kusema neno moja na mkono wako ukashughulikiwa muda uleule, na nilikwenda nje kumpigia mtu mwingine aje awe mama yako. Bibi alikuwa shambani. Akaja amevaa viatu vya mvua, udongo mpaka magotini. Wakati wote huo ulikuwa umelala kwenye kile kitanda cha magurudumu, umegeukia ukutani, vilevile kama ile siku ya kwanza Olasiti. Nilikuwa nakufuta jasho. Ulikuwa unaniacha nikufute, kama mtu anavyomwacha nesi.

Bibi akaridhia. Ulipoingizwa ndani, Mama Gladness alienda kutununulia maji, tukabaki wawili kwenye benchi. Nikasema, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Alikuwa anabandua udongo kwenye kiatu kwa kucha.

"Neema," akasema, "mara ya kwanza nilimbeba huyu mtoto kwa sababu wewe ulikuwa unaenda shule."

"Ndiyo, mama."

"Sasa hivi uko shule gani?"

Mama Gladness alirudi na maji, bibi yako akamshukuru kwa heshima zote, akasema, "Ahsante kwa kuwatunza wanangu." Wanangu. Aliusema ule uongo wetu mzee bila kupepesa macho, kwa ajili yangu, na nilimwona alivyochoka kuusema.

Tangu hapo hujaniita chochote. Si mama, si dada. "Chakula kimeiva." "Kuna mtu anagonga." Hata ukiwa chumbani na mimi jikoni, huiti, unakuja mpaka nikuone. Nimejaribu kusubiri kama nilivyosubiri Olasiti. Lakini kule ulikuwa hujaanza, na hapa umemaliza. Wiki iliyopita ukasimama mlangoni ukasema, "Naomba nirudi kwa mama." Nilijua unamsema nani. Nikasema sawa.

Unaweza kuuliza kwa nini sikushuka ngazi nikamwambia yule mama ukweli. Nilishuka. Siku ulipotoka hospitali, ulipolala, nilishuka nikagonga. Alifungua amevaa khanga yake ya usingizi, akasema, "Karibu mwanangu, kuna nini?" Nilikuwa nimeyapanga maneno kama ninavyopanga majalada. Nikamwomba chumvi. Akanipa. Ile chumvi iko kabatini kwenye mfuko, sijaitia kwenye chakula.

Nikikwambia ni kodi, kwamba nimelipa mwaka na hairudi, na mkopo bado unakatwa kwenye mshahara, nitakuwa sijasema uongo. Lakini sitaki kukuaga kwa ukweli wa namna hiyo. Kodi ingepotea, watu hupoteza kodi wakaendelea kuishi. Ninaogopa shingo zile. Ninaogopa Mama Gladness akitoa mkono wake begani kwangu. Nina kazi, nina vyeti ukutani, na ndani bado nimekaa benchi la tatu na kitabu cha nyimbo, naomba wasinitaje. Sijui dawa yake. Ningekuwa naijua ningekuwa nimeinywa, na wewe usingekuwa umefunga begi.

Kwa hiyo sina ushauri wa kukupa kuhusu ujasiri. Ninachoweza kukupa ni hiki nilichokiona. Mimi nilidhani siri ni kitu unachokiweka mahali halafu unaendelea na safari. Kumbe siri yangu ilihitaji mtu wa kuishika kila siku, na niliyempa aishike ni wewe, kwa sababu ulikuwa mdogo na ulikuwa wangu. Mtu mzima akikuomba hivyo tena, hata akiwa mimi, una haki ya kumwambia mikono yako imejaa.

Nimerudi juu ya barua hii nikataka kufuta pale mwanzo nilipokuomba usimwambie mtu. Nimeshika kalamu juu ya mistari ile, sikuweza. Nimeiacha. Uione jinsi nilivyo. Naomba bado uifiche, na najua sistahili kukuomba.

Sasa namna ya kunipata.

Simu ya bibi ina namba yangu, ni ile ya kwanza, aliniandika kwa jina la Neema tu. Nibipu, ukate, mimi nitapiga, usile salio la bibi. Mchana nikiwa kazini simu iko kwenye droo, lakini naitazama kila ninapofungua droo, na naifungua mara nyingi kuliko kazi inavyotaka. Bibi akikuuliza unampigia nani, mwambie jina utakalotaka, yeye halitamshangaza. Shuleni wakikuuliza mimi ni nani wako, sema ambalo linakuuma kidogo kuliko mengine. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la jioni, na najua si jibu.

Ukija, na nakuomba siku moja uje, hata kama ni kufuata tu kitabu chako cha kuchorea ulichokisahau nyuma ya friji, shukia njia panda, ulizia nyumba ya geti la kijani. Mlinzi ni yuleyule, kaka Lazaro, anakujua lakini atakuuliza kwa utaratibu, "Unakwenda kwa nani, na wewe ni nani wake?" Mimi sitakufundisha tena cha kumjibu. Dirisha la jikoni linatazama geti, na jioni huwa naliacha wazi, nitasikia.

Ukisema dada, nitashuka. Ukisema jina langu tu kama la mtu baki, nitashuka. Na ukisema lile jingine, hata Mama Gladness akiwa amekaa kibarazani na wageni wake wote, nadhani nitashika ukuta, lakini nitashuka, Eliaichi. Wewe sema kwa sauti tu, nisikie.

Neema,
ghorofa ya pili, mlango wa kushoto